Kiwakilishi au Kivumishi? Uhakiki wa Vigezo vya Kutofautisha Aina Mbili za Maneno katika Sarufi ya Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki vigezo vinavyotumiwa kutofautisha viwakilishi na vivumishi katika sarufi ya Kiingereza. Yanaonyesha kwamba fasili za kimaana zilizorithiwa kutoka sarufi za karne ya 18 hazina uwezo wa kutenga aina hizi mbili, kwa kuwa neno moja katika tungo moja linaweza kukidhi fasili zote mbili kwa wakati mmoja. Aidha, makala yanapima vigezo vya umbo na vya mtawanyo vilivyopendekezwa na wanasarufi wa karne ya 20, na kubainisha kile ambacho kila kigezo kinafafanua na kile kinachokiacha. Mwisho, yanalinganisha mpaka huo na ule wa Kiswahili, na kuhitimisha kwamba kila lugha imeuweka mpaka wake mahali pake, hivyo istilahi zinazohamishwa bila vigezo vyake humpotosha mwanafunzi wa lugha zote mbili.

1.0 Utangulizi

Katika Kiingereza lipo kundi dogo la maneno ambalo limewashughulisha wanasarufi kwa zaidi ya karne mbili. Miongoni mwake ni "this", "that", "some", "each", "his" na "her". Mwanafunzi akiulizwa ataje aina ya neno "her" katika tungo "Her brother is a teacher", anaweza kukutana na majibu matatu katika vitabu vitatu. Kitabu cha kwanza kitamwambia kwamba neno hilo ni kivumishi kimilikishi. Cha pili kitasema ni kiwakilishi kimilikishi. Cha tatu kitakataa majina yote mawili na kuliita kibainishi. Jibu lililopewa alama katika darasa moja huweza kukosolewa katika darasa la jirani, ilhali tungo ni ileile na neno ni lilelile.

Hitilafu ya namna hii haiwezi kuelezwa kwa kudai kwamba mwandishi fulani hakuwa makini. Chanzo chake ni kwamba waandishi hao wanatumia vigezo tofauti bila kuvitaja. Mmoja anaangalia maana ya neno, mwingine anaangalia nafasi yake katika tungo, na mwingine umbo lake. Hali hii ina athari ya pekee kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kwa sababu istilahi anazozitumia kuchambulia lugha yake, yaani kiwakilishi na kivumishi, ndizo zilezile anazofundishwa kuzioanisha na istilahi za Kiingereza. Endapo mpaka baina ya aina hizo haujawekwa mahali pamoja katika lugha hizi mbili, uoanishaji huo utakuwa chanzo cha makosa katika lugha zote mbili.

Kwa hiyo, makala haya yanajadili maswali matatu. Je, fasili za jadi zinaweza kutenga viwakilishi na vivumishi vya Kiingereza? Je, vigezo vya kimuundo vinafanikiwa pale ambapo fasili hizo zinashindwa? Na je, vigezo hivyo vinaweza kuhamishiwa katika Kiswahili bila kurekebishwa?

2.0 Chimbuko la Mkanganyiko

Mgawanyo wa maneno katika aina ulianzia katika sarufi za Kigiriki na Kilatini. Sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax ilitaja aina nane za maneno, na kivumishi hakikuwa miongoni mwake kama aina inayojitegemea. Kilihesabiwa kuwa tawi la nomino. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani katika Kigiriki na Kilatini vivumishi hunyambuliwa kwa uhusika, idadi na jinsia kama nomino zinyambuliwavyo. Kiwakilishi, kwa upande wake, kilihesabiwa kuwa aina kamili tangu mwanzo, na jina lake la Kilatini lilimaanisha neno lisimamalo mahali pa nomino.

Kiingereza kilirithi majina hayo kikiwa kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya unyambulishaji uliokuwa msingi wake. Kivumishi cha Kiingereza cha leo hakibadiliki kwa idadi wala kwa jinsia. Wanasarufi wa Kiingereza walikitenga na nomino, lakini maneno kama "my" na "this" yakabaki bila makao ya hakika. Yalikuwa yakiambatana na nomino kama vivumishi, huku yakiwa na uhusiano wa dhahiri na viwakilishi vya nafsi.

Namna wanasarufi wawili wa karne ya 18 walivyolishughulikia tatizo hilo inaonyesha ukubwa wake. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, aliyaita maneno kama "my" na "thy" vivumishi vyenye hulka ya kiwakilishi. Lindley Murray, katika sarufi yake ya mwaka 1795 iliyotegemea kazi ya Lowth kwa kiasi kikubwa, aliyaweka maneno ya namna hiyo ndani ya sura ya viwakilishi na kuyaita viwakilishi vyenye hulka ya kivumishi. Kundi hilo aliligawa katika matawi manne: vimilikishi, vigawanyi, vionyeshi na visivyobainifu. Kwa hiyo, wataalamu hao wawili walikubaliana kwamba maneno hayo yana sura mbili. Walichotofautiana ni sura ipi iwe jina na ipi iwe sifa ya jina hilo.

Sarufi ya Murray ilichapishwa mara nyingi na kutumiwa sana katika shule za Uingereza na Marekani katika karne ya 19. Vitabu vya kiada vilivyofuata vilihitaji majibu mafupi yanayoweza kusahihishwa kwa urahisi, hivyo majina yenye sura mbili yakapunguzwa yakawa na sura moja. Waliobaki na nusu ya kwanza walisema kivumishi. Waliobaki na nusu ya pili walisema kiwakilishi. Mkanganyiko unaoonekana leo katika vitabu vya shule ni masalia ya upunguzaji huo.

3.0 Uhakiki wa Fasili za Kimaana

Fasili mbili zilizoenea zaidi zinaweza kufupishwa hivi. Kiwakilishi ni neno linalotumiwa badala ya nomino. Kivumishi ni neno linalotoa taarifa zaidi kuhusu nomino. Fasili hizi ni nyepesi kukariri, na kwa mifano iliyochaguliwa kwa uangalifu hutoa majibu sahihi. Katika "Juma is tall, he plays basketball", neno "he" linasimama badala ya "Juma", na neno "tall" linatoa taarifa kumhusu. Hata hivyo, udhaifu wake hujitokeza mara mifano inapopanuliwa.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba fasili ya kiwakilishi inaacha nje viwakilishi visivyo na shaka. Maneno "I" na "you" hayasimami badala ya nomino yoyote. Msemaji asemaye "I am hungry" hakukusudia kutaja jina lake kisha akalibadilisha, na akitaja jina lake mahali hapo, tungo itakuwa na maana nyingine na kitenzi chake kitabadilika umbo. Vivyo hivyo, "it" katika "It is raining" haina nomino inayoiwakilisha. Endapo fasili ingefuatwa kwa uaminifu, maneno haya yangeondolewa katika aina ambayo yenyewe ni kiini chake.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Fasili hizi mbili hazitengani. Chukua mifano ifuatayo:

(1) Asha's brother is a teacher.
(2) Her brother is a teacher.

Neno "her" katika (2) limesimama mahali pa "Asha's" iliyo katika (1). Kwa hiyo, kwa mujibu wa fasili ya kwanza, ni kiwakilishi. Wakati huohuo, neno hilo linatoa taarifa kuhusu nomino "brother", kwa kuwa linaeleza ni kaka wa nani. Kwa mujibu wa fasili ya pili, ni kivumishi. Fasili zote mbili zimetimizwa, na hakuna iliyokiukwa. Mwanafunzi anayejibu kiwakilishi na yule anayejibu kivumishi wote wamefuata walichofundishwa. Mtahini anayemkosoa mmoja wao hana hoja ndani ya fasili hizo. Anategemea mazoea ya kitabu alichokizoea.

Udhaifu wa tatu ni kwamba dhana ya kutoa taarifa zaidi ni pana mno. Katika "a stone wall", neno "stone" linatoa taarifa kuhusu nomino "wall", lakini linabaki kuwa nomino. Haliwezi kukolezwa kwa "very" kama "old" inavyokolezwa. Fasili ya kivumishi, kwa hiyo, inataja dhima ambayo maneno ya aina mbalimbali huweza kuitekeleza. Kuchanganya aina ya neno na dhima yake katika kirai ndiko kunakozaa tatizo lote.

4.0 Vigezo vya Umbo na Mtawanyo

Wanaisimu wa karne ya 20 walihamisha uchunguzi kutoka kwenye maana hadi kwenye mwenendo wa neno katika tungo. Leonard Bloomfield (1933) alivitenga vivumishi vya maelezo na vile vya mipaka, na ndani ya hivi vya mwisho akaunda kundi la vibainishi, ambalo liliweka "this" na "my" pamoja na "the". Charles Fries (1952), aliyetumia mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa kama data yake, aliacha kabisa majina ya jadi. Aliyapanga maneno kwa kuangalia yapi yanaweza kubadilishana nafasi katika tungo ileile. Kutokana na kazi za aina hii vinaweza kuchujwa vigezo vitano.

Kigezo cha kwanza ni kuwepo kwa nomino baada ya neno. Katika "This book is old", neno "this" linafuatwa na nomino, na katika "This is old" halifuatwi. Hiki ndicho kigezo kinachotumiwa zaidi darasani, na kina faida ya kuonekana wazi. Upungufu wake ni kwamba kinaeleza nafasi peke yake. Hakithibitishi kwamba neno lililo katika nafasi mbili ni maneno mawili ya aina tofauti.

Kigezo cha pili ni ukolezaji na ulinganishaji. Kivumishi halisi hukubali "very" na huwa na umbo la kulinganisha: "very old", "older". Vionyeshi na vimilikishi hukataa yote mawili. Mzungumzaji wa Kiingereza hasemi *"very this" wala *"very my". Kwa kigezo hiki, "this" na "my" si vivumishi hata pale yanapofuatwa na nomino.

Kigezo cha tatu ni ulimbikaji. Vivumishi vinaweza kufuatana, kama ilivyo katika "a big old red house". Vionyeshi, vimilikishi na vibainishi "a" na "the" haviwezi kukaa pamoja. Tungo *"the my house" na *"this my house" hazikubaliki katika Kiingereza cha leo, ingawa mfuatano wa kionyeshi na kimilikishi ulikuwa wa kawaida katika Kiingereza cha Biblia ya mwaka 1611. Maneno yanayozuiana hivi hushindania nafasi moja, na nafasi hiyo si ya kivumishi.

Kigezo cha nne ni ukamilishaji wa kirai nomino. Nomino ya umoja inayohesabika haiwezi kusimama peke yake kama kiima katika Kiingereza, wala kuiongezea kivumishi hakuiokoi:

(3) *Book is on the table.
(4) *Old book is on the table.
(5) My book is on the table.
(6) This book is on the table.

Tungo (4) inabaki na kasoro ileile ya tungo (3), ilhali (5) na (6) zimekamilika. Kigezo hiki kina nguvu kuliko vingine, kwa sababu kinaonyesha kazi ya kisarufi ambayo "my" na "this" huifanya na ambayo hakuna kivumishi chochote kinachoweza kuifanya. Anayefundisha kwamba "my" na "old" ni aina moja hana namna ya kumweleza mwanafunzi kwa nini (4) ni kosa.

Kigezo cha tano ni umbo. Vimilikishi vya Kiingereza vina jozi za maumbo: "my" na "mine", "your" na "yours", "her" na "hers", "our" na "ours", "their" na "theirs". Umbo la kwanza huhitaji nomino, la pili huikataa. Neno "no" lina mwenzake "none" kwa utaratibu huohuo. Pale ambapo umbo halijitofautishi, jozi iliyo dhahiri inaweza kutumiwa kama kipimo. Neno "his" ni moja katika "his book" na "the book is his", lakini likibadilishwa kwa nafsi ya kwanza tofauti hufunuka: "my book" kwa upande mmoja, "the book is mine" kwa upande wa pili. Neno "her" nalo hupimwa kwa kubadili jinsia. Tungo "I saw her duck" ina maana mbili, kwani inaweza kumaanisha bata wake au kitendo chake cha kuinama. Ikibadilishwa kuwa ya kiume, maana ya kwanza hutoa "his duck" na ya pili "him duck". Mbinu hii haimtaki mwanafunzi akisie kusudio la msemaji. Inamwonyesha kwamba chini ya umbo moja kuna maumbo mawili.

Ni vyema kutambua kwamba hata jozi hizi zina historia. Umbo "my" ni ufupisho wa umbo la zamani lililokuwa na konsonanti "n" mwishoni, na kwa muda mrefu "mine" iliweza kutangulia nomino iliyoanza kwa irabu, kama "an" inavyofanya hadi leo. Mgawanyo wa sasa, ambao umbo moja ni la kuambatana na lingine ni la kujitegemea, ulipatikana kadiri lugha ilivyobadilika. Hivyo, mpaka unaotafutwa si sheria ya mantiki iliyo sawa kwa lugha zote. Ni matokeo ya mabadiliko ya lugha moja.

5.0 Kibainishi: Suluhisho na Mipaka Yake

Vigezo vya pili, vya tatu na vya nne vinaelekea hitimisho moja, kwamba "this" na "my" yanapotangulia nomino si vivumishi. Sarufi kubwa za Kiingereza za miaka ya karibuni zinakubaliana katika hilo, lakini zinatofautiana kuhusu linalobaki.

Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik (1985) wanaliweka neno kama "this" katika makundi mawili: ni kibainishi linapofuatwa na nomino, na ni kiwakilishi linaposimama peke yake. Huddleston na Pullum (2002) wanalikataa pendekezo hilo. Kwao, "this" ni neno la aina moja katika nafasi zote mbili. Linaposimama peke yake, kazi ya kibainishi na kazi ya kichwa cha kirai zimeunganishwa katika neno hilo hilo. Kuhusu "my" na "mine", wanayachukulia yote mawili kuwa maumbo ya umilikishi ya kiwakilishi cha nafsi "I", moja likiwa tegemezi na jingine huru.

Msimamo wa kwanza una faida kwa mwalimu, kwa kuwa kila nafasi ina jina lake. Gharama yake ni kuorodhesha mara mbili maneno mengi yasiyobadilika umbo wala maana, kama "this", "that", "some", "each" na "both". Msimamo wa pili unaondoa marudio hayo na kuweka wazi tofauti ya aina na dhima, jambo ambalo fasili za jadi zilishindwa kulifanya. Gharama yake ni kumtaka mwanafunzi aikubali dhana ya muunganiko wa kazi mbili katika neno moja, ambayo haionekani kwa macho. Kwa upande wa uchambuzi, hoja za msimamo wa pili zina uzito zaidi, kwani kuongeza aina ya neno kila neno linapobadili nafasi ni sawa na kudai kwamba mtu anayebadili kiti amekuwa mtu mwingine.

Hata hivyo, dhana ya kibainishi nayo ina wakazi wa mpakani. Maneno "many" na "few" huanzisha kirai kama vibainishi, husimama peke yake kama viwakilishi, na papo hapo hukubali "very" na ulinganishaji kama vivumishi: "very few", "fewer". Yanaweza pia kutokea baada ya kitenzi, kama katika "His faults are many", na baada ya kimilikishi, kama katika "my many friends". Kuwepo kwa maneno kama haya hakubatilishi vigezo. Kunaonyesha kwamba aina za maneno zina kiini kilicho wazi na kingo zinazoingiliana, na kwamba swali la mtihani linalotumia maneno ya kingoni kudai jibu moja halipimi maarifa ya sarufi.

6.0 Mpaka Huo katika Kiswahili

Mzungumzaji wa Kiswahili anakutana na vigezo hivi akiwa na lugha ambayo haimpi fununu zilezile. Kimilikishi cha Kiswahili hakina jozi ya maumbo:

(7) Kitabu changu kimepotea.
(8) Changu kimepotea.
(9) Kitabu hiki ni changu.

Neno "changu" halijabadilika katika nafasi zote tatu, ilhali Kiingereza kinadai "my" katika (7) na "mine" katika (8) na (9). Anayetafsiri tungo ya (9) kwa kufuata umbo la lugha yake atatarajiwa kusema *"This book is my". Kosa hilo haliondolewi kwa kumkumbusha kwamba kiwakilishi husimama badala ya nomino, kwani katika lugha yake neno hilo hilo linafanya kazi zote mbili. Linaondolewa kwa kumwonyesha kigezo cha tano.

Tofauti nyingine iko upande wa vivumishi vya sifa. Katika Kiswahili sifa inaweza kusimama bila nomino, kwa sababu kiambishi cha upatanisho kinaitambulisha nomino iliyoachwa. Msemaji husema "Chekundu kimepotea" na msikilizaji akaelewa ni kitabu, kiti au kikombe kulingana na muktadha. Kiingereza hakina kiambishi hicho, hivyo hulazimika kuleta neno "one": "The red one is lost". Pale ambapo kivumishi cha Kiingereza husimama baada ya "the" bila nomino, kama katika "the poor", kwa kawaida hurejelea kundi zima la watu, na si maskini mmoja aliyesimama mlangoni.

Vitabu vya kiada vya Kiswahili, hususan nchini Kenya, huiita "chekundu" ya tungo hiyo kiwakilishi cha sifa. Kwa mantiki hiyo, karibu kila kivumishi kinapewa pacha wake katika orodha ya viwakilishi: vya sifa, vya idadi, vya kuonyesha, vya kumiliki na vinginevyo. Kigezo kinachotumika hapa ni kile cha kwanza peke yake, yaani kuwepo au kutokuwepo kwa nomino. Katika Kiingereza, kigezo hicho kina angalau ushahidi wa jozi chache za maumbo unaokiunga mkono. Katika Kiswahili hakina hata jozi hizo, kwa kuwa neno halibadiliki hata kidogo nomino inapoondolewa.

Hata hivyo, Kiswahili kina mpaka wake, nao umo ndani ya upatanisho wa kisarufi, ambao umeelezwa tangu sarufi ya Ashton (1944). Linganisha:

(10) mti mzuri, mti mrefu
(11) mti wangu, mti huu, mti wote
(12) nyumba nzuri, nyumba ndefu
(13) nyumba yangu, nyumba hii, nyumba yote

Vivumishi vya sifa katika (10) na (12) huchukua kiambishi kinachofanana na kile cha nomino. Vimilikishi, vionyeshi na neno "-ote" katika (11) na (13) huchukua kiambishi kinachofanana na kile cha kitenzi, kama katika "mti umeanguka" na "nyumba imeanguka". Mgawanyo huu hautegemei nafasi. Msemaji akiondoa nomino na kusema "Mzuri umeanguka" au "Wangu umeanguka", kila neno hubaki na kiambishi chake. Katika baadhi ya ngeli tofauti hii hufichika, kama katika "kitabu kizuri" na "kitabu hiki", ambapo viambishi vya aina zote mbili vimefanana. Huenda ndiyo sababu mifano ya vitabu vya shule, ambayo hupendelea ngeli hiyo, imechangia kuuficha mpaka wenyewe. Wakazi wa mpakani nao hawakosekani: neno "-ingine" hutoa "mti mwingine" kwa upatanisho wa nomino, lakini katika "gari lingine" na "gari jingine" aina zote mbili za upatanisho hutumika.

Ulinganisho huu unafunua jambo ambalo fasili za kimaana zililifunika. Lugha zote mbili zinatenga maneno ya sifa na maneno ya kutambulisha, yaani yale yanayoeleza kitu kilivyo na yale yanayoeleza ni kipi au ni cha nani. Kiingereza kinautenga mstari huo kwa ulimbikaji na kwa ukamilishaji wa kirai nomino. Kiswahili kinautenga kwa viambishi. Katika lugha zote mbili, "my" na "-angu" zimeangukia upande mmoja na "this" na "huu", mbali na "old" na "-zuri". Mstari mwingine, ule unaotenga neno lenye nomino na neno lisilo na nomino, ndio uliopewa uzito katika vitabu vya kiada, ilhali ndio wenye ushahidi haba katika Kiingereza na usio na ushahidi wowote wa umbo katika Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba fasili zinazotegemea maana haziwezi kutofautisha kiwakilishi na kivumishi katika Kiingereza, kwa kuwa maneno yanayohitaji kutofautishwa hukidhi fasili zote mbili. Vigezo vya umbo na mtawanyo vinafanikiwa zaidi, lakini mafanikio yake yanaondoa swali la awali badala ya kulijibu. Vinaonyesha kwamba "this book" haina kivumishi cha kuonyesha wala kiwakilishi, bali kibainishi, na kwamba "my" ni umbo la kiwakilishi cha nafsi linalotekeleza kazi ya kibainishi.

Kwa ufundishaji, matokeo haya yana madai mawili. La kwanza ni kwamba swali linalomtaka mwanafunzi ataje aina ya neno halina budi kuambatana na kigezo kinachotarajiwa, na jibu lenye kigezo sahihi lipewe alama hata kama jina lililotajwa linatofautiana na la kitabu cha mtahini. La pili ni kwamba mwanafunzi anayeongea Kiswahili afundishwe "my" na "mine" kwa mbinu ya kubadilisha maumbo, na afundishwe viambishi vya "mti mzuri" na "mti wangu" kama ushahidi wa lugha yake mwenyewe. Akivielewa viwili hivyo, hatahitaji kukariri kwamba neno fulani husimama badala ya lingine. Atakuwa na uwezo wa kuliuliza neno lenyewe maswali, na kulisikiliza linavyojibu katika kila lugha.